Kura ya Tokubei Muuza Achari

Katika mji wa Nezugawa aliyejua kusema "hapana" vizuri alikuwa mama yake Tokubei. Tokubei mwenyewe neno hilo lilimshinda maisha yake yote. Alizaliwa nyuma ya duka la achari, akakulia katikati ya mapipa ya figili, na tangu alipoanza kusimama alifundishwa kuinama. Mteja akilalamika kwamba figili za mwaka huu ni chumvi tupu, Tokubei aliinama akasema, "Kweli kabisa bwana, chumvi tupu." Mteja wa pili akija kulalamika kwamba hazina chumvi, aliinama vilevile akasema, "Umesema kweli mama, hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo." Kwa mwendo huo alifika miaka hamsini na mmoja bila adui hata mmoja. Watu walimpenda kama mtu anavyozipenda ndara zake za zamani, na hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya jambo lolote.

Duka lao liliitwa Masuya, na lilikuwa na mapipa thelathini na mawili. Yalipangwa safu moja kando ya ukuta, kuanzia jikoni mpaka mlango wa nyuma unaotazama mfereji. Kila pipa lilijazwa figili nyeupe ndefu zilizolazwa katika pumba za mpunga na chumvi, na juu ya kifuniko yakawekwa mawe mazito ya mtoni. Sasa tuseme ukweli, maana hata wenye duka hawakukataa: mahali pale palinuka. Palinuka asubuhi, palinuka jioni, na siku za joto harufu ilitoka ikatembea mtaani kama mtu mwenye shughuli zake.

Mama yake Tokubei, Bi Otsune, alikuwa na miaka sabini na tisa, na macho yake yalikuwa yamezimika miaka kumi na mmoja nyuma. Kila asubuhi aliweka kiganja juu ya pipa la kwanza na kuanza safari. Aligonga, akanusa, akatega sikio, akatoa hukumu. "Jiwe hili limekaa upande." "Hili bado wiki mbili." "Hili nani kalifungua? Hashiki adabu huyo." Akifika mlango wa nyuma aligeuka akarudi, kiganja kikipita kwenye mbao, bila fimbo na bila kushikwa mkono. Nje ya safu ile alikuwa kipofu, akijikwaa hata kwenye mto wa kukalia. Ndani ya safu hakuwa kipofu hata kidogo.

Nyumba ya tatu kutoka hapo, upande upepo unakoelekea, aliishi Bwana Kajiwara Genpachiro. Zamani alikuwa samurai wa bwana mkubwa wa jimbo. Siku hizi hakukuwa na bwana mkubwa, na panga zilikuwa zimepigwa marufuku, kwa hiyo Bwana Kajiwara alikuwa amebaki na filimbi ya mwanzi. Aliipiga kila alasiri kwa heshima zote. Lakini filimbi ya mwanzi inataka pumzi ndefu, na pumzi ndefu mtaani kwake ilimaanisha kuingiza kifuani Masuya nzima. Kila alipofika penye sauti ya majonzi makuu, alikohoa. Majirani walizoea kuhesabu: sauti tatu, kikohozi.

Mwaka wa kumi na tano wa enzi ya Mfalme Meiji kipindupindu kikapita mikoani, na serikali ikabandika matangazo juu ya uchafu na harufu mbaya. Bwana Kajiwara aliyasoma matangazo yale mara nne, akitabasamu. Mwezi huohuo kiti kimoja katika baraza la mji kikawa wazi, na yeye akatangaza kwamba anakitaka, tena akasema wazi atakachofanya nacho: biashara zote zinazonuka zitahamishwa ng'ambo ya mto, karibu na mahali pa kuchomea maiti. Alisema "biashara zote", na mjini ilikuwepo moja.

Habari iliingia Masuya kabla ya chai. Oshige, mke wa Tokubei, alimtazama mumewe. Tokubei alimtazama mama yake. Bi Otsune alikuwa amesimama penye pipa la kumi, na kwa mara ya kwanza tangu Oshige aolewe katika nyumba ile, bibi kizee hakuligonga pipa lililo mbele yake. Kisha akauliza taratibu, "Mapipa yakivuka mto, mimi nitashika nini?"

Tokubei aliinama, kwa mazoea, ingawa mama yake hakuweza kumwona.

"Haya," Oshige akasema, akijifunga mikono ya kimono kwa kamba kama anayekwenda kufua. "Utagombea."

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine, paka?"

"Lakini Bwana Kajiwara anakitaka kiti kile. Si itakuwa kama namzuia?"

"Ndiyo maana yake, mume wangu. Kumzuia."

Tokubei akasema ni kweli kabisa, hata yeye alikuwa anawaza hivyo hivyo, akaenda kujificha nyuma ya pipa la ishirini.

Wapiga kura walikuwa arobaini na mmoja, wanaume wenye ardhi na wanaolipa kodi. Oshige aliwapelekea kila mmoja figili moja iliyofungwa kwa karatasi safi. Kwa kuwa jina la Bwana Kajiwara nalo lilikuwa katika orodha, naye akapelekewa. Figili ile ilirudi siku hiyohiyo ikiwa imeshikwa na mtumishi kwa koleo la mkaa, mkono umenyooshwa mbele, uso umegeuzwa pembeni.

Baadaye ikaja siku ya hotuba. Watu walikusanyika mbele ya nyumba ya kuogea, na Tokubei akasimamishwa juu ya pipa tupu lililopinduliwa. Oshige alikuwa amemwandikia maneno mazuri juu ya haki ya mfanyabiashara, na Tokubei aliyakariri siku tatu. Lakini alipoziona nyuso zile, zote za wateja wake, ulimi ukarudi kwenye njia yake ya zamani.

"Waheshimiwa wote, asanteni kwa kuja hali ya hewa ikiwa hivi. Mimi ni mtu nisiyefaa kitu. Akili sina, elimu sina, na sauti yangu ni hii mbaya mnayoisikia. Achari yangu pia haina ladha, ni uvumilivu wenu tu. Bwana Kajiwara, kwa upande wake, ni mtu wa ukoo, anajua maandishi ya kale, na filimbi yake inatuburudisha sote. Nawaomba sana mnisamehe."

Akainama kwa kina mpaka akaanguka kutoka kwenye pipa. Watu wakapiga makofi, maana adabu kama ile ilikuwa imeanza kuadimika.

"Umewashawishi," Oshige alisema njiani kurudi nyumbani.

"Kweli?"

"Kweli. Hata mimi sasa naona hufai."

Hata hivyo Oshige hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alipita nyumba kwa nyumba, akanywa vikombe vya chai visivyo na idadi, akarudi na hesabu yake: watu ishirini na wawili, pamoja na Tokubei mwenyewe, wangemwandika Tokubei. Kumi na tisa wangemwandika Kajiwara. Bi Otsune alipoambiwa, alipapasa pipa lililo karibu naye, akalipiga makofi mawili matatu kama anayemtuliza ng'ombe.

Uchaguzi ulifanyika katika ukumbi wa hekalu. Kanuni za mji, ambazo wazee walizitunga wenyewe, zilikuwa rahisi. Kila mtu alipiga magoti penye meza ndogo, akachukua brashi ya wino, akaandika jina lake, akapiga muhuri wake chini yake, kisha akaandika jina la anayemtaka. Baadaye karani angezisoma karatasi zote kwa sauti, fulani amemchagua fulani, watu wote wakisikia. Waliona ndiyo njia safi, kwamba mtu asimame nyuma ya neno lake. Hakuna aliyewafikiria wagombea wenyewe.

Tokubei alipiga magoti. Aliandika "Ushijima Tokubei" sehemu ya mpiga kura, polepole, kwa kuwa jina la ukoo watu kama yeye waliamriwa kulichukua miaka saba tu iliyopita na bado aliliona kama nguo ya kuazima. Akapiga muhuri. Kisha akaitazama nafasi ya pili, akaganda. Aliisikia tayari sauti ya karani: Ushijima Tokubei amemchagua Ushijima Tokubei. Mbele ya mtawa mkuu! Mbele ya wateja! Mtu gani anajipakulia mwenyewe kipande kikubwa mbele ya wageni? Alimkumbuka mama yake, akaisogeza brashi. Akamkumbuka karani, akairudisha. Akajiambia kwamba Oshige amehesabu ishirini na wawili, na akitoka mmoja wanabaki ishirini na mmoja, na ishirini na mmoja bado wanatosha. Hesabu ilikuwa sahihi. Akaandika haraka, akakunja karatasi, akainama kwa meza.

Karani akaanza kusoma. Karatasi ya tano au ya sita ikasema, "Kajiwara Genpachiro amemchagua Kajiwara Genpachiro." Mtu mmoja akakohoa. Bwana Kajiwara alitazama mbele, mgongo umenyooka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu mpaka ncha.

Ikaja karatasi ya Yahei muuza tofu nyeupe ya soya, jirani wa Masuya kwa miaka thelathini. "Amemchagua Kajiwara Genpachiro."

"Yahei!" mtu akanong'ona. "Si uliahidi?"

"Mwenyewe alisema hafai," Yahei akajibu kwa uchungu. "Nimwite mwongo?"

Kura zikaenda bega kwa bega mpaka zikafika ishirini kwa ishirini. Ikabaki karatasi moja, na kila mtu alijua ni ya nani, maana jina lake lilikuwa halijasomwa. Watu wakaanza kumpongeza Tokubei. Mmoja akampiga mgongoni. Tokubei alikuwa mweupe kama tofu ya Yahei.

"Ushijima Tokubei," karani akasoma, akasita, akaisogeza karatasi karibu na macho. "Amemchagua Kajiwara Genpachiro."

Walicheka, jamani. Walicheka mpaka mtawa mkuu akaficha uso nyuma ya mkono wa joho lake. Wawili tu hawakucheka, mshinde na mshindi.

Nyumbani Oshige alikuwa ameshapata habari, kwa kuwa habari za namna hiyo hukimbia. Alikuwa amekaa mlangoni.

"Uliandika jina la nani?"

"La Bwana Kajiwara."

"Kwa sababu gani, niambie nielewe."

"Ningeandikaje la kwangu? Watu wangesikia."

"Na sasa hawajasikia?" Oshige alifungua mdomo kuendelea, akaona mumewe analia, akaufunga. Tokubei alikwenda kwa mama yake, akaweka paji la uso sakafuni, akamweleza yote. Alisema yeye ndiye aliyemnyang'anya mama yake ukuta wake, yeye kwa mkono wake na muhuri wake.

Bi Otsune alisikiliza. "Mpumbavu," akasema, lakini si kwa ukali. "Ulikuwa hivyo hivyo tangu tumboni. Ulichelewa kuzaliwa siku tisa, nadhani ulikuwa unampisha mtu." Kisha kona ya mdomo wake ikapanda. "Aliyepigiwa kura lazima aje kushukuru, siyo?"

Ilikuwa lazima. Mshindi alipaswa kufika kwa kila aliyemwandika, akiwa na nguo rasmi, ainame na kutoa shukrani kwa mdomo wake. Bwana Kajiwara alikuwa na nyumba ishirini za kuzungukia, maana mwenyewe hakuhitaji kujishukuru. Masuya aliiacha iwe ya mwisho. Siku ya tatu alionekana penye kona ya mtaa, akasimama, akavuta pumzi kubwa ya mpiga filimbi, akaifungia kifuani, akaingia.

"Nashukurukwakurayako," akasema kwa mkupuo mmoja, akainama, akageuka kuondoka.

"Nani huyo?" Bi Otsune akauliza. "Mbona anaongea kama anazama?"

"Ni Bwana Kajiwara, mama," Tokubei akasema.

"Aa! Ndiye aliyependwa na mwanangu." Mkono wake ukapapasa hewani, ukapata ukingo wa vazi la Bwana Kajiwara, ukaushika. "Kijana, nipeleke mpaka mlango wa nyuma. Hawa wa hapa wana haraka."

Kijana alikuwa na miaka sitini na miwili. Lakini angesema nini? Amekalia kiti kwa kura ya nyumba hii, na mji mzima umesikia. Akampa mkono. Wakaanza kutembea, bibi akigonga mapipa, na Bwana Kajiwara akiwa amefunga midomo, mashavu yamejaa.

"Pipa hili la tatu, uchungu wa kumzaa Tokubei ulinikuta hapa, jiwe mkononi. Nililiweka kwanza. La tano marehemu mume wangu alilipenda, sijui kwa nini, lina figili mbaya. Penye la saba ndipo nilipoketi siku niliyoanza kuona ukungu."

Bwana Kajiwara alivumilia mpaka la tisa. Kisha pumzi ikamwisha, naye akavuta mpya, ndefu, yote. Oshige, aliyekuwa akichungulia kutoka jikoni, alidhani ataanguka. Hakuanguka. Machozi yalimbubujika, na tangu siku hiyo alishikilia kwamba ilikuwa harufu.

"La kumi na saba," bibi akaendelea, "ni jinga. Jiwe lake halikai. Ligonge wewe. Gonga, haliumi."

Akaligonga. Walifika mwisho wakarudi, na pale mwanzo bibi akamwachia. "Unatembea vizuri. Keshokutwa uje tena."

Na keshokutwa akaja. Mtu akishapokea kura ya mpinzani wake mbele ya hekalu zima, hana mahali pa kuanzia kukataa.

Lakini wapiga kura wake nao walikuwa wanasubiri kile alichowaahidi. Kikao kilichofuata Bwana Kajiwara akasimama, akaisoma hoja yake kwa sauti ya samurai: biashara zote zinazonuka zihamishwe ng'ambo ya mto. Kisha akasoma mstari wa pili, ulioandikwa kwa wino mpya zaidi: jambo hilo litekelezwe siku ambayo Bi Otsune wa Masuya hatayahitaji tena mapipa yake. Wajumbe walitazamana. Hoja ikapita.

Tokubei alimkimbilia mama yake na habari, kiatu kimoja kimebaki njiani.

"Mpaka nisiyahitaji?" bibi akasema. "Basi nitaishi."

Akaishi miaka saba, kwa ubishi mtupu. Daktari alimuaga mara tatu. Mara ya tatu aliyeaga dunia ni daktari mwenyewe, kwa homa ya mapafu. Katika miaka hiyo Bwana Kajiwara alikuja mara mbili kwa mwezi kumtembeza, na alianza kurudi kwake na figili zimefichwa kwenye mikono ya kimono, kana kwamba mtaa mzima haukuwa na pua.

Tokubei naye akaingia barazani. Mwaka wa pili kiti kingine kilikuwa wazi, na safari hii hapakuwa na mpinzani, kwa kuwa watu waliona mtu asiyeweza kujichagua hawezi pia kujinufaisha. Alipata kura arobaini. Katika ya arobaini na moja, yake mwenyewe, alimwandika Yahei muuza tofu, na Yahei alijivunia kura ile mpaka kufa. Kwa kazi yenyewe, Tokubei hakuwa mjumbe wa ajabu. Alikubaliana na waliotaka daraja la mbao, na alikubaliana na waliotaka la mawe. Alipinga hoja moja tu, juu ya kodi ya wauza samaki wadogo, na jioni yake akaenda nyumbani kwa mtoa hoja na figili nne kuomba radhi. Lakini watu wenye shida walimfuata yeye kwanza, kwa sababu alisikiliza mpaka mwisho, na wengi walikuwa hawataki zaidi ya hapo.

Bi Otsune alifariki wakati wa baridi, alfajiri, katika safu yake, kati ya pipa la kumi na mbili na la kumi na tatu. Walimkuta ameketi, mgongo kwenye mbao.

Siku arobaini na tisa za maombolezo zilipotimia, baraza likakaa. Tokubei akasimama bila kuitwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kuna sheria ya mji iliyopitishwa miaka saba iliyopita, na siku yake imefika. Kwamba mama yake hayahitaji mapipa tena. Kwamba ameshaagiza mikokoteni kumi na mmoja na amepata kiwanja ng'ambo. Akaliomba baraza lipange tarehe. Aliyasema yote hayo moja kwa moja, bila kujiita asiyefaa hata mara moja.

"Nani anaunga mkono?" mkuu wa mji akauliza.

Watu wote wakamgeukia Bwana Kajiwara. Sheria ilikuwa yake. Alikuwa na miaka sitini na tisa sasa, na alikuwa anayatazama maboriti ya dari kwa makini sana.

"Nani anaunga mkono?" akauliza mara ya pili.

"Bwana Kajiwara," Tokubei akasema, "sheria hii ni yako."

"Ni yangu."

"Inasema siku mama asipoyahitaji."

"Ndivyo inavyosema." Bwana Kajiwara akateremsha macho. "Kuna mtu amemwuliza mama yako?"

Mkuu wa mji akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kumbukumbu za kikao kile zipo mpaka leo katika sanduku la hekalu, kwa mwandiko wa karani yuleyule. Zinasema: "Hoja ya mjumbe Ushijima ilikosa wa kuiunga mkono. Mjumbe Ushijima alilia, akaomba radhi kwa kulia, akalia tena. Baraza lilimsubiri. Kisha likaendelea na suala la mifereji."